Softiwea au mashine? Niulize kwanza kikifa nani anakitengeneza

Dogo mmoja wa mtaani kwetu kanifuata wiki mbili zilizopita, ana milioni moja na nusu mkononi, kaidunduliza sijui miezi mingapi, anataka kuanza kutengeneza biti kiukweli, sio zile za kubofya kwenye simu. Kachanganyikiwa. Kwenye YouTube kaona jamaa wa Ulaya kakaa katikati ya mashine kama rubani, taa zinawaka kila kona, anazungusha vifundo, besi inatoka nene hatari, halafu jamaa anasema kompyuta haina roho. Video inayofuata mwingine anasema mashine ni kutupa hela, kila kitu kipo ndani ya leptopu. Basi dogo akaniuliza, kaka, nichukue ipi yenye sauti nzuri?

Nikamwambia swali la sauti weka pembeni kwanza, we niulize kikifa nani anakitengeneza.

Hakunielewa na sikumlaumu, maana hata mimi hili nimefundishwa na moshi. Miaka hiyo niliagiza mashine ya ngoma ya mtumba, ndugu akaniletea toka Marekani kwenye begi la nguo, kaifunga masweta matatu isigongwe. Nimeisubiri miezi saba. Imefika jioni, tumejaa geto kama tunaangalia mechi ya watani, nikachomeka kwenye ekstensheni, nikawasha. Kioo kikawaka kijani sekunde kama mbili hivi, watu wakashangilia, halafu ndani kikalia kitu pa! kama mtu kakanyaga karanga, ikaja harufu ya plastiki, kimya. Nyuma yake pameandikwa kwa herufi za sisimizi 120V. Kwetu umeme ni 230. Yaani transfoma ndogo ya kushusha umeme ndio ilikuwa tofauti kati ya mimi na ndoto yangu, na hakuna hata mmoja kati ya wale wajuaji wote mle ndani aliyegeuza mashine akasoma. Fundi redio aliifungua akanionesha kapasita mbili zimevimba kama maandazi, hizo akasema nabadilisha leo leo. Ila kuna chipu ya wenyewe, wameitengeneza wao kwa ajili ya mashine yao, nayo imeondoka. Hiyo huipati Kariakoo. Leo ile mashine kazi yake ni kuzuia mlango usijipige na upepo, na inaifanya vizuri tu.

Sasa hilo la sauti tulimalize maana najua wapo wanaokereka. Watu wanaongelea mashine kana kwamba kila chenye vifundo ni analogi, yaani sauti inatengenezwa na umeme wenyewe bila hesabu za kompyuta. Kinanda cha Yamaha DX7 cha 1983, ambacho vinanda vyake na kengele zake zimejaa kwenye muziki wa miaka ile, ni dijitali tupu. Hizi MPC mpya za Akai, mashine za kugonga biti kwa pedi, mfano MPC One iliyotoka 2020, ukiifungua ndani unakuta kompyuta inaendesha Linux, mfumo wa kompyuta kama ilivyo Windows. Ni leptopu iliyovaa koti na kutolewa kibodi. Kwa hiyo mtu anayekwambia kauza kompyuta kanunua MPC ili atoke kwenye kompyuta, mwache na furaha yake, ila kahama chumba tu, nyumba ni ile ile.

Na ile besi ya 808 ambayo kila mtu anaiabudu? Roland waliitengeneza mashine ya ngoma ya TR-808 kuanzia 1980 mpaka 1983, kama mashine 12,000 tu, ikadoda sokoni. Sehemu ya sauti yake ilitokana na transista, vile vipande vidogo vya kupitisha umeme, zenye hitilafu, na Roland walizinunua makusudi kwa sababu ya hiyo hitilafu. Viwanda vilipojifunza kutengeneza transista safi, mzigo wa mbovu ukakauka na mashine ikaishia hapo. Leo besi ile ile ipo kwenye kila geto la Temeke na Kayole kama kifaili kidogo kuliko picha ya WhatsApp, na ndicho kinachopiga kwenye bajaji inayopita hapa dirishani sasa hivi. Hakuna abiria anayeuliza imetoka kwenye transista au kwenye faili.

Sisemi tofauti haipo. Ipo. Mtu mwenye spika za maana na chumba kilichotulia, ukimzungushia taratibu filta, kile kifundo cha kung'arisha au kufifisha sauti, kwenye sintesaiza ya analogi, ataisikia. Lakini dogo mwenye milioni moja na nusu hana spika za maana wala chumba kilichotulia, ana hedifoni za buku tano na jirani mwenye mashine ya kusaga. Anataka kununua kitu ambacho hana namna ya kukisikia.

Kuna mambo mawili lakini ambayo mashine inaishinda kompyuta kweli, na hapa sitanii.

La kwanza ni kuchelewa. Ukigonga pedi ya mashine sauti inatoka hapo hapo, mkono na sikio vinakutana. Kompyuta inakusanya sauti kwenye bafa, yaani foleni ya kusubiria, kwanza ndio inaitoa, na leptopu ya mtumba ukiipa bafa ndogo inaanza kukwaruza, kwa hiyo unaiongezea mpaka vipande 1024 vya sauti, na kwa vipande 44,100 kwa sekunde hiyo ni milisekunde 23, hapo bado haujahesabu safari zingine za ndani. Utasema 23 ni nini bwana. Sasa piga hesabu ya singeli. Kwa mapigo 250 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 240, ukiligawa mara nne, yaani zile ngoma ndogo ndogo zinazokimbia, kila moja ina 60. Umechelewa zaidi ya theluthi ya ngoma nzima kabla hujafanya kosa lolote! Ndio maana unaona prodyuza anagonga vizuri kabisa lakini biti imelewa, halafu anajiona hana kipaji. Dawa ipo, saundi kadi ya nje, kile kisanduku cha kuingizia na kutolea sauti, inasaidia sana, na kama hela hakuna kuna ASIO4ALL, kiprogramu cha bure cha Windows, unaishusha bafa mpaka 256 au 128 kama leptopu inabeba. Lakini ni dawa, na mtu mwenye mashine hahitaji dawa kwa sababu haumwi.

La pili ni kwamba mashine inakunyima vitu. Hili wengi wanalisema kijuujuu ila ndilo kubwa. Mashine ya E-mu SP-1200 ya 1987 ilikuwa na sekunde kama 10 tu za kurekodi sampo, yaani vipande vya sauti vya kujengea biti, kumi kwa biti nzima. Madogo wa New York wakaamua sahani ya santuri inayozunguka mara 33 kwa dakika waizungushe kwa 45, warekodi ikiwa imekimbizwa ili ile nafasi finyu itoshe, halafu ndani ya mashine wairudishe chini. Ikirudi inakuja na uchafu, inakwaruza, imekuwa nzito, na huo uchafu ndio watu waliuita sauti ya hip hop. Leo kuna watu wanauza plagini, kiprogramu cha kuchomeka ndani ya programu ya muziki, ya kukurudishia huo uchafu, unalipia dola kupata ubovu ambao wenzako walikuwa wanaukimbia.

Ila sasa wanaotetea mashine wakifika hapa wanashangilia mapema, wanasema si unaona, mashine ndio shule. Hapana. Kubanwa ndio shule, na kubanwa hakuchagui chuma. Tuangalie hapa hapa Dar.

Uswahilini miaka ya 90 vijana wa mchiriku walikuwa na nini? Vinanda vidogo vya Casio, vile ambavyo kwa wenzetu ni vya kuchezea watoto, amplifaya za kuungaunga, honi za spika kama za msikitini, na ngoma. Casio ikipita kwenye ile amplifaya inalia kama nyuki kwenye debe, na huo mlio ndio muziki wenyewe, ulikesha kwenye shughuli mpaka asubuhi, na kundi la Jagwa Music wakaja kuupeleka mpaka matamasha ya Ulaya. Hapo ni mashine, sawa, ila mashine ya chini kabisa kwenye rafu.

Halafu wakaja watoto wao, wa singeli. Mitaa ile ile ya Manzese, Tandale, Mburahati. Hawa hawakuwa na mashine yoyote, walikuwa na kompyuta zilizochoka zenye Fruity Loops, programu ya biti ambayo leo inaitwa FL Studio, na Virtual DJ. Virtual DJ jamani ni programu ya kuchezea nyimbo za watu ukumbini! Wao wakachukua vipande vya taarabu, wakavizungusha kwenye lupu, wakavisukuma kasi mpaka 200 na kupanda mpaka 300, na ikawa muziki. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso, na wazungu wenye sintesaiza za bei ya kiwanja Kigamboni wakabaki wanaulizana hii sauti imetengenezwa na nini. Imetengenezwa na kompyuta yenye feni inayolia.

Kwa hiyo kila upande una ushahidi wake na mechi ni sare, tutabishana mpaka kahawa iishe. Ndio maana nasema kinachoamua, kwa mtu wa hapa, ni kifo. Sio sauti wala roho. Kila chombo kitakufa, suala ni kinakufaje, na asubuhi yake unafanya nini.

Mashine inakufa kwa chumvi ya bahari, kama unakaa Kigamboni au Mombasa utaniambia, vifundo vinaanza kukwaruza na soketi zinaota kutu ya kijani. Inakufa kwa umeme kukatika na kurudi kwa kishindo. Inakufa kwa adapta, na hii ya adapta niisemee kidogo: vifaa vingi vya muziki chanya iko nje na hasi iko katikati, adapta ya ruta na ya redio nyingi ni kinyume chake, tundu linaingia safi kabisa kama ndugu, volti zinafanana, unawasha, umeua. Nimeona watu watatu kwa macho yangu. Na ikifa, kama ni kapasita, swichi, soketi, raba ya kitufe, fundi redio wa mtaani analehemu unaondoka nayo. Kama ni kioo au chipu ya wenyewe unaagiza nje, unasubiri, unalipa ushuru, na spea inaweza kuzidi bei uliyonunulia mashine.

Leptopu inakufa kila siku, tena kirahisi zaidi. Lakini angalia tofauti. Kioo kipo, kibodi ipo, betri ipo, RAM ipo, na kila mtaa una kijana mwenye bisibisi ndogo anayejua kuifungua huku anaangalia mpira. Umeme ukikatika katikati ya kazi ina betri, mashine nyingi za mezani hazina, unapoteza kila ambacho hukusevu. Na ikifa kabisa, ukiwa na akili ya kukopi kazi zako kwenye flashi au hadi diski ya pembeni, unaazima ya mshikaji unaendelea usiku huo huo. Biti yako haikuzikwa na chombo.

Ila na softiwea ina vifo vyake, na ni vya aibu kidogo, maana kitu hakijavunjika, hakijaungua, kipo tu ila hakifunguki. Cakewalk ilikuwa programu kubwa ya kurekodi muziki ya miaka mingi, watu wamejengea studio juu yake, mwishoni mwa 2017 Gibson waliokuwa wanaimiliki wakatangaza wanaiacha. Basi. Bahati nzuri 2018 BandLab wakaichukua wakaigawa bure, lakini miezi ile ya katikati mwenye kazi za watu mle ndani alilala na presha. Waves nao mwezi wa 3 mwaka 2023 waliamka wakasema hatuuzi tena plagini moja moja, lipia kila mwezi, watu wakawaka na ndani ya siku chache wakarudi nyuma. Hayo ni makampuni makubwa. Sembuse kaplagini kametengenezwa na mtu mmoja ambaye siku akichoka anazima tovuti.

Na sasa niseme la kraki, ile programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli, maana tukijifanya haipo tutakuwa tunadanganyana. Wengi wetu tumeanza na kraki, mimi mmojawapo, kwenye flashi iliyozunguka mtaa mzima ikibeba FL Studio na virusi kwa pamoja kama mchele na pumba zake. Sitakupa hotuba ya maadili. Nitakupa ya kifo: kraki inakufa siku usiyoijua. Windows inajisasisha usiku, asubuhi programu haiwaki, na mteja wako anakuja saa nne kuchukua wimbo. Kitu kingine, ukihamisha kazi kwenda studio nyingine plagini zako za wizi hazipo kule, unafungua unakuta nusu ya vyombo vimekaa kimya. Na huna wa kumpigia simu. Wakati huo huo Reaper, programu nyingine ya kutengenezea muziki, leseni yake kwa mtu mdogo ni dola 60, kama laki na nusu na ushee, na inakuachia uijaribu bila kukufungia kitu. FL Studio ukinunua mara moja masasisho ni bure maisha yote, wamekuwa hivyo toka zamani, ila angalia lile toleo lao la kujaribu, linakuruhusu kusevu kazi lakini ukifunga halikufungulii tena mpaka ununue, kuna mtu alikesha akalia. Zamani shida ilikuwa namna ya kulipa, siku hizi kadi za mtandaoni unatengeneza kwenye simu hapo hapo umekaa.

Kuna watu kipimo changu hiki kinawapeleka upande wa mashine moja kwa moja, na ni wengi kuliko hao ma-YouTuba wanavyodhani: wapiga vinanda. Wa taarabu, wa bendi za harusi, wa kwaya. Huyu mkate wake uko jukwaani. Bibi harusi anaingia ukumbini, MC kashaita, huwezi kusema ngojeni Windows inajisasisha asilimia 34. Kinanda cha Yamaha PSR kinawaka kwa sekunde chache, mitindo yote ipo ndani, kimemwagikiwa soda mara mbili bado kinalia, na mafundi wa vinanda wapo kwa sababu vinanda vyenyewe vimejaa, kila kanisa lina kimoja kizima na kimoja kibovu cha kutolea spea. Mtu huyu akiniuliza kompyuta au kinanda simwambii afikirie mara mbili.

Na kuna hadiwea ambayo hakuna softiwea itakayokukwepesha: mlangoni sauti inapoingilia na inapotokea. Maiki na hedifoni. Plagini elfu moja haziwezi kuokoa sauti iliyorekodiwa kwenye chumba cha bati na feni inazunguka. Na tafadhali, zile trei za mayai ukutani toeni. Ni karatasi nyepesi, zinagusa kidogo zile sauti za juu, besi na kelele za jirani zinapita kama mlango uko wazi, halafu zikishika moto ni kibiriti. Godoro la zamani limesimamishwa nyuma ya mwimbaji, mablanketi mazito, au fungua kabati la nguo mtu aimbe ameelekea kwenye makoti na mitandio, utashangaa. Kwangu nimerekodi nyimbo nyingi tu mtu kaelekea kwenye madera ya mke wangu.

Basi tukaenda Kariakoo na dogo jumamosi. Leptopu ya mtumba, i5, tukambana muuzaji mpaka akaongeza RAM ikafika 8 na kubadilisha hadi diski ikawa SSD. Hedifoni za kusikilizia kazi, sio za besi za kutingisha meno. Saundi kadi ndogo ya tundu mbili. Maiki tukasema isubiri, kwanza ajue kutengeneza biti. Diski ya pembeni ya kukopia kazi alitaka kuiruka, hapo nilikuwa mkali. Hela ikabaki kidogo, ile ya kula chips turudi nyumbani, na dogo akaona Casio ndogo imelala juu ya masanduku ya spika, ya zamani, haina hata boksi. Elfu arobaini. Nikaigeuza kwanza nikasoma nyuma, volti ziko sawa, inakubali na betri. Tukaijaribu, inalia, isipokuwa noti ya Sol moja ya katikati imekufa.

Fundi wa pale pembeni kaigonga gonga akasema hiyo ni raba tu ya chini ya kitufe, leteni elfu tano, nusu saa mnaondoka nayo. Dogo kasita, kamuangalia, kasema hapana iache kwanza. Jana kanitumia biti tatu, zote kazipiga kwenye Casio akazirekodi kwenye leptopu, na zote zinaruka pale pale kwenye Sol, zinachechemea kidogo kisha zinaendelea. Ya pili nimeirudia mara sita.